Mbuzi Sifuri wa Mama Mdogo

Hojaji yangu ilikuwa na maswali arobaini na sita, na niliipenda kabla hata sijamuuliza mtu swali moja. Niliichapa mwenyewe kwa taipureta ya kuazima, nikatoa nakala themanini kwa mashine iliyonipaka wino mpaka viwiko, kisha nikapanda basi la Mombasa na kushuka Kambu. Nilikuwa na hakika kwamba katika majuma matatu ningekuwa nimelimaliza jambo ambalo watu wazima wote niliowajua walilibishania tangu nizaliwe: kwa nini Wakikuyu wa pale barabarani wana maduka, na sisi Wakamba tuna foleni mbele ya maduka.

Majibu ya watu sikuyaamini. Kwetu, kwenye vilima vya Mbooni, walisema Mkikuyu hulala ameshika sarafu ili asipoteze wakati asubuhi. Pale Kambu, Wakikuyu wakidhani sielewi lugha yao, niliwasikia wakisema Mkamba hupanda mahindi kisha akaketi kutazama mawingu kama mtu anayesubiri barua. Mimi nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu. Nilikuwa nimeacha kuamini mizimu, wanasiasa, na nusu ya mahubiri ya mchungaji wetu. Kitu kimoja tu ambacho sikuwa nimekitilia shaka kilikuwa mimi mwenyewe.

Nilifikia kwa mama mdogo, mdogo wa mama yangu. Yeye alishuka kutoka Mbooni miaka ya sabini kutafuta ardhi, baada ya mashamba ya huko kugawanywa na kugawanywa tena hadi ukitupa jembe lilikuwa linaangukia kwa mwingine. Nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo kwa desturi yetu aliniita "mama", na hata kunitukana alinitukana kwa heshima.

"Mama," aliniambia jioni ya kwanza, akizipima karatasi zangu kwa mkono kama mtu anayepima nyama, "haya yote ni maswali?"

"Ndiyo."

"Na wewe chuoni wamekufundisha nini, kama bado una maswali mengi hivi?"

Nilianza na yeye, ili nifanye mazoezi. Swali la kwanza: mwenyeji au mgeni? Akasema mwenyeji. Nikaandika. Jirani yake mwenye duka, mjane aliyetoka upande wa Murang'a, alikuwa amefika Kambu miaka minane kabla ya mama mdogo, na ndiye aliyemwonyesha kisima siku aliyofika. Yeye nilimwandika mgeni. Nadharia yangu ilihitaji wageni, na sikuwa na wengine.

Swali la kumi na nne: una mbuzi wangapi?

"Sina."

Nilitazama nyuma ya jiko. Kulikuwa na mbuzi kadhaa wakikwangua gome la mti. Nikaanza kuwahesabu kwa kidole, naye akanipiga mkono.

"Wewe! Vitu vyenye uhai vinahesabiwa kwa kidole? Unataka wafe?"

"Lakini umesema huna."

"Hao ni wa watu."

"Watu gani?"

"Watu. Kwani karatasi yako inataka na hao niwataje?"

Nikaandika sifuri. Hata nilijisikia vizuri. Huyu ni damu yangu, nikajiambia, na tazama nisivyompendelea.

Yule mjane wa duka alinipokea vizuri zaidi. Mume wake, alipokuwa hai, alikuwa na hoteli ya chai ya madereva wa malori. Alipofariki, mjane aliifunga hoteli akabaki na duka. Alizungumza Kikamba vizuri kuliko mimi, pamoja na methali, na aliniita mwalimu ingawa sikuwa nimemfundisha mtu kitu. Nyuma yake rafu zilipanda hadi kwenye mabati: katoni za majani ya chai, za sabuni, za mafuta ya kupikia, zimepangwa kama matofali.

"Duka lina bidhaa kiasi gani?" niliuliza.

"Si unaona, mwalimu?"

Niliona. Nikaandika: limejaa.

"Mnakula mara ngapi kwa siku hapa nyumbani?"

Alifuta kaunta iliyokuwa safi tayari. "Kama watu wengine tu."

Hilo halikuwa jibu la kuingia kwenye kisanduku. Nilimtazama, nikatazama zile katoni, nikaandika: mara tatu. Yeye hakulisema. Lilisemwa na rafu.

Ulikuwa mwaka ule wa ukame, ambao kwetu watu huukumbuka kwa mahindi ya manjano yaliyoletwa kuwa chakula cha msaada. Mbegu zilikauka ardhini. Lori la msaada lilipofika Kambu lilikuwa na magunia machache kuliko yaliyoahidiwa, na naibu chifu hakujua ampe nani na amnyime nani bila kupigwa mawe. Akasikia kuna msichana wa chuo kikuu anayejua hali ya kila nyumba. Alinijia kwa mama mdogo amevaa kofia yake ya kazi.

"Wewe ndiwe una takwimu?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali tamu kama hilo. Nilimwambia ninazo. Siku mbili sikutoka nje. Nilichora jedwali kwa rula, Wakamba kushoto, Wakikuyu kulia, nikajumlisha mabati, mbuzi, baiskeli na milo. Nikampa orodha ya nyumba arobaini zilizo na shida zaidi, zimepangwa kuanzia ile maskini kabisa. Hapakuwa na nyumba ya Mkikuyu hata moja. Sikuwachukia. Wala sikuwafikiria. Hesabu ndiyo iliyowaacha, na hesabu nilidhani haina kabila.

Siku iliyofuata nilikwenda dukani kununua majani ya chai ya kumpelekea mama Mbooni.

"Majani yamekwisha," mjane akasema.

"Si yale pale juu?"

"Yale siyo."

Nilidhani hataki kunisumbua, au ni mgongo wake. Kwa kuwa nilikuwa nimeshajiona mtu wa nyumbani, nilizunguka kaunta, nikapanda stuli, nikaivuta katoni kwa nguvu za kuvuta katoni iliyojaa. Ilinijia nyepesi kama kofia. Nilirudi nyuma nayo mikononi na nusura nianguke juu ya mizani. Nikashika ya pili, nikashika ya tatu. Zote zilikuwa tupu, zimegeuzwa ili upande uliofunguliwa uelekee ukutani.

"Shuka, mwalimu," alisema polepole.

Nikashuka. Nyuma ya pazia nilisikia kijiko kikikwangua sufuria. Binti zake wawili walikuwa wakinywa uji mwepesi, saa nane mchana, na bakuli la tatu halikuwepo.

"Mtu akiona rafu tupu," akaniambia, "kesho atapita moja kwa moja mpaka duka lile la pili, na hata hii sabuni kidogo niliyo nayo hatainunua. Hapo ndipo nitakuwa nimekwisha. Tafadhali usimwambie mtu."

Niliapa sitamwambia mtu. Kisha nikaenda moja kwa moja nikamwambia mama mdogo.

Hakushangaa. Alikuwa akichagua mawe kwenye kunde, akaendelea kuchagua.

"Kambu nzima inajua," alisema.

"Inajua?"

"Mama, umekaa hapa majuma matatu. Umewahi kumsikia mtu akiomba kitu cha rafu ya juu? Watu huomba cha kaunta. Kama kwenye kaunta hakipo, husema, haya, nitapita kesho. Ni wewe tu na shahada yako mliopanda stuli."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Niliuliza maswali arobaini na sita!"

"Ndiyo. Hilo hukuuliza."

Kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuanguka, niliamua kuanguka mpaka chini. Nikamuuliza kuhusu mbuzi. Akanieleza kwa subira, kama unavyomweleza mtoto jinsi ya kushika kisu. Mbuzi wake walikuwa kwa rafiki yake wa kijiji cha Matiliku, na wengine kwa shemeji yake ng'ambo ya mto. Waliokuwa nyuma ya jiko walikuwa wa rafiki wa Matiliku. Mvua ikikosa hapa, haikosi kote. Ugonjwa ukiingia boma moja, hauingii yote. Unakamua wa mwenzako, naye anakamua wako. Mkamba mwenye akili, alisema, haweki mbuzi wake wote mahali ambapo mtu anaweza kuwaona kwa mpigo.

"Kwa hiyo wewe si maskini," nilisema.

"Nani amesema mimi ni maskini?"

"Mimi. Nimekuandika wa kwanza."

Mkono wake ukasimama kwenye kunde.

Nilikimbia ofisini kwa naibu chifu. Nikamwomba amwongeze yule mjane.

"Mwenye duka?" akacheka. "Sababu?"

"Sababu siwezi kusema."

"Msomi, wewe mwenyewe umeandika hapa duka limejaa, na nyumba inakula mara tatu. Nikimpa mwenye duka nimwache mtu wa sifuri, nitasema nini mbele ya watu? Kwamba umeota?"

Kwa mara ya kwanza nilitamani maandishi yangu yasingekuwa nadhifu vile.

Mahindi yaligawiwa uwanja wa shule. Watu walikuwa wamefika tangu asubuhi na magunia na vyondo vyao. Wenye maduka walisimama pembeni, karibu na ua, kama watu waliokuja kutazama tu. Mjane alikuwa kati yao amejifunga leso yake nzuri. Hakuwa amebeba chochote cha kutilia mahindi.

Naibu chifu akasafisha koo, akasoma jina la kwanza, lile la nyumba maskini kuliko zote Kambu. Mama mdogo hakusogea.

Kisha mzee mmoja akasema kwa sauti, "Yule wa mbuzi wa Matiliku?" Uwanja mzima ukacheka. Wanawake wa kikundi chake cha mwethya, ambao huchimba naye matuta shamba kwa shamba kila juma, walishikana mabega kwa kicheko. "Mama, kumbe tumekuwa tukila kwa fukara!" mmoja akamwambia. Yeye alitazama mbele kama mtu anayepigwa picha.

Nilisimama. Ningeweza kutoa hotuba nzuri kuhusu mipaka ya utafiti. Nilikuwa na sentensi zake tayari kichwani. Lakini nilijua nikitaja mipaka watapiga makofi na orodha itaendelea, na wale wasichana watakwangua sufuria hiyo hiyo. Nikasema:

"Orodha hiyo ni ya uongo. Kuna mahali sikuandika nilichoambiwa. Niliandika nilichodhani."

"Mahali gani?" naibu chifu akauliza.

"Pengi," nikasema. Hilo lilikuwa kweli, na lilinisaidia nisitaje nyumba.

"Mimi uliniandika nini?" kijana mmoja akapaza sauti.

"Huna kazi."

"Sina kazi! Nilikwambia nasubiri simu kutoka bandarini!"

"Na mimi?"

"Nyumba ya nyasi."

"Hiyo ni ya kuku! Kwani hukuzunguka nyuma?"

Wakaja mmoja mmoja, Wakamba kwa Wakikuyu, na kila mmoja nilikuwa nimemkosea kwa namna yake. Mwenye hoteli mmoja, ambaye nilimwandika ana vyumba sita, aliuliza kama nilihesabu na choo. Nilikuwa nimehesabu. Mchungaji, ambaye nilimwandika "kipato hakijulikani", alisema angalau hapo nilipata. Sijawahi kuona jamii mbili zikikubaliana kwa haraka kama zile zilivyokubaliana asubuhi ile kwamba mimi ni mjinga.

Naibu chifu alivua kofia, akajipepea nayo, akaikunja orodha mara nne na kuitia mfukoni.

"Basi," akasema, "kila nyumba, debe moja. Mwenye mbuzi na asiye na mbuzi. Nani atabisha?"

Hakuna aliyebisha, isipokuwa mimi moyoni, kwa sababu huo haukuwa utaratibu wa kisayansi. Tabia haiishi kwa siku moja.

Wenye maduka hawakusogea kutoka pale kwenye ua. Nilimtazama mjane, naye alitazama upande wa barabara. Mama mdogo alijitwika gunia lake tupu begani akamwita kwa Kikamba, kwa sauti ya kugomba:

"Wewe umesimama huko unafanya nini? Njoo ushike laini nyuma yangu, unikinge na hili jua. Na hili gunia la pili ushike, mimi mikono yangu ni miwili tu!"

Akaja. Akashika gunia la pili. Wanawake wa mwethya wakasogea kidogo bila kugeuka, nafasi ikapatikana, na mazungumzo yakaendelea kuhusu mambo mengine, hasa kuhusu mimi.

Zamu yake ilipofika, mahindi ya manjano yakamiminwa mpaka debe likafurika, na yaliyomwagika akayaokota punje kwa punje. Wateja wake wengi walikuwa wakitazama. Akainuka, akakung'uta leso, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Haya nayapelekea kuku. Watu hawawezi kula kitu cha rangi hii."

"Kweli," akaitikia mwanamke aliyekuwa nyuma yake. "Kuku watafurahi."

Hakuwa na kuku. Nilikuwa nimeliandika hilo mwenyewe, na huenda ndilo jibu pekee sahihi katika nakala zote themanini. Nilishika upande mmoja wa gunia, yeye akashika ule mwingine, tukavuka uwanja kwenda dukani, na njiani nikamuuliza kuku wake wanaendeleaje.

"Wanakula vizuri, mwalimu," akasema. "Sasa watakula vizuri."