Mzee Anayepiga Doria Sebuleni

Simu ilitetema mfukoni mwa aproni wakati dobi ameshika ncha mbili za shuka na mwenzake ameshika nyingine mbili. Hakuna aliyekuwa na mkono wa kuipokea. Wakaikunja shuka, wakachukua nyingine. Simu ikatetema tena.

"Babako huyo," mwenzake alisema. "Ameingia jikoni."

"Au ametoka."

Hakuwa na haja ya kutazama. Tangu vidude vya kuhisi mwendo vifungwe nyumbani kwa babake, simu ilikuwa haichoki kumpasha habari: mwendo jikoni, mwendo bafuni, mlango wa mbele, kitanda kitupu. Mchana ilimkuta kwenye mvuke wa pasi kubwa za hospitali. Usiku ilimkuta amelala nusu jicho. Pale kazini walishauzoea uso wake, uso wa mtu anayesubiri habari mbaya na ambaye angependa tu ifike, ili alale.

Babake alikuwa mlinzi maisha yake yote ya kazi, na mtaa mzima ulimwita Afande, ingawa hakuwahi kuvaa gwanda la serikali hata siku moja. Alilinda maghala. Alipostaafu alibaki na mkewe, na mkewe alipofariki alibaki na nyumba ya kupanga ya vyumba viwili na jiko dogo nyuma. Kaka mkubwa wa dobi, fundi mitambo katika mji mwingine, alitaka mzee ahamie kwake. Mzee hakutaka hata kusikia.

"Pale kwako nitakuwa mgeni mpaka mnizike," alimwambia.

Ndipo ukaja mradi wa chuo. Walikuwa wakitafuta wazee wanaoishi peke yao, wawafungie vihisi ndani ya nyumba: vidude vyeupe, vidogo kama kipande cha sabuni. Kimoja kilibandikwa ukutani jikoni, kimoja bafuni, kimoja mlangoni, kimoja kikalazwa chini ya godoro, kimoja kikawekwa juu ya jiko kupima joto. Havikuwa na kamera. Vilijua tu kwamba mtu amepita, amejilaza, amefungua maji, amewasha moto. Kutokana na hayo wataalamu wangesoma kama mzee bado anajimudu au anasukuma siku tu.

Ndugu hao wawili wakakata shauri kwa simu, mzee akiwasikiliza. Ripoti ikisema anajimudu, atabaki kwake na hakuna atakayemsumbua tena. Ikisema vingine, atafungasha na kuhamia kwa mwanawe.

"Sawa," Afande alisema. "Wafunge."

Aliyevifunga, na aliyevisoma, ni dada mmoja wa chuo, mpole, mwenye sauti ya chini na begi kubwa kuliko yeye. Siku alipomwita dobi ofisini kwake hakuzunguka. Aligeuza kompyuta, akamwonyesha mistari iliyopanda na kushuka kama meno ya msumeno.

"Mzee halali," alisema. "Anatembea. Mlango wa mbele, jikoni, bafuni, chumbani, halafu anaanza upya. Bafuni anaingia, lakini maji hayatoki. Jikoni anasimama mbele ya jiko, lakini haliwashwi. Kitandani anakaa kidogo tu, huyo, ameinuka."

"Labda anatafuta kitu."

"Labda. Lakini mtu anayeingia mahali na kusahau kilichompeleka, mistari yake inafanana sana na hii." Akaifunga kompyuta. "Sijasema ndivyo ilivyo, dada. Nimesema inafanana."

Kaka mtu alipopigiwa simu jioni hiyo hakushangaa. "Mdogo wangu, mimi niliwaambia. Wifi yako ameshatoa masanduku kwenye kile chumba. Tusingoje aje ajiunguze."

Dobi alisema wangoje ripoti kamili. Alipokata simu aligundua hana machozi. Alichohisi, na alikionea aibu, kilikuwa kama ahueni: mzee akiondoka, simu itanyamaza.

Juma lililofuata boila ya kufulia ilikufa mchana, na madobi wote wakaambiwa waende makwao. Yeye akapitia kwa babake. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Aliusukuma taratibu, akamkuta mzee amesimama mbele ya kidude cha mlangoni, kakaza mgongo, mkono mmoja ukutani, macho hayabanduki kwenye kile kidude. Kitaa chekundu kikawaka, kikazima. Mzee akatikisa kichwa kuridhika, akageuka kuelekea jikoni huku akiburuta viatu.

"Baba."

"Subiri," mzee alisema bila kusimama. "Nimalize raundi."

Akamfuata nyuma kama mkaguzi. Jikoni: akasimama, kitaa kikawaka. Bafuni: vivyo hivyo. Chumbani alijitupa juu ya godoro, akahesabu kimoyomoyo huku midomo ikicheza, akainuka kwa kushika kichwa cha kitanda. Miguu ilikuwa imevimba, kanda za viatu zimeacha alama juu yake.

"Sasa sema," alisema.

"Unafanya nini, baba?"

"Wewe umekua kwa kazi hii hii, halafu unaniuliza nafanya nini? Napiga pointi."

Hapo dobi akakaa chini, kwenye sakafu. Alizikumbuka pointi. Kule maghalani kulikuwa na vitufe vya chuma vilivyogongomewa kutani, na mlinzi alipewa kifimbo. Kila saa lazima azunguke akigusisha kifimbo kwenye kila kitufe. Asubuhi msimamizi alikichomeka kile kifimbo kwenye kompyuta, na mashine ikasema nani alitembea na nani alilala. Kuruka pointi kulimfukuzisha kazi rafiki wa babake, mtu mzima na familia yake, siku hiyo hiyo, kabla hajanywa chai.

"Nani alikwambia vidude hivi ni pointi?"

"Yule binti mwenyewe. Alisema vitakuwa vinaangalia kama nipo. Mimi sikuzaliwa jana. Kisiponiona si wataandika sipo?"

"Na usiku?"

"Usiku ndiyo kazi yenyewe. Mlinzi gani wa mchana tu?"

Dobi hakucheka. Alitazama jiko. Sufuria ilikuwa imefunikwa, ndani kavu, na kando yake kipande cha mkate kilichoumwa upande mmoja.

"Umekula nini leo?"

"Nitapika saa ngapi mimi?" mzee aliuliza, na hakuwa anatania. "Nikimaliza raundi nikae kidogo, saa imefika. Hili lindo lenu ni gumu kuliko la maghala. Kule angalau tulikuwa wawili."

Dada wa chuo alipoambiwa hakucheka pia. Alikuja mwenyewe, akaketi na mzee, akakubali kosa lake: alieleza vidude vinafanya nini, hakueleza yeye mzee afanye nini.

"Hutakiwi kufanya chochote, mzee. Ishi tu."

"Niishi vipi?"

"Kama zamani. Ukichoka, lala. Ukisikia njaa, pika."

Afande alimtazama kama mtu aliyepewa amri isiyo na kichwa wala miguu. "Na lindo?"

"Umetolewa lindo."

Mistari ikalala. Siku za kwanza mzee alilala mfululizo, akaamka, akalala tena. Kazini, simu ya dobi ilinyamaza, na ukimya ule ukamtesa kuliko kelele. Alikuwa akiacha shuka katikati ili atazame kama kidude cha chini ya godoro bado kinahisi uzito.

"Zamani ulilalamika anatembea," mwenzake alimwambia. "Sasa unalalamika amelala. Huyo mzee akupe nini?"

Ripoti ilipofika, dada wa chuo aliisoma kwa simu, ndugu wote wawili wakisikiliza na mzee kwenye kiti chake. Akili yake ni nzima, wala haitangitangi. Lakini hapiki. Jiko huwashwa kwa chai tu. Anaoga kwa nadra, na bafuni hukaa muda mrefu kabla ya kuinuka. Kichwa kinamudu, mwili haumudu peke yake.

"Basi ndiyo hivyo," kaka alisema, kwa upole. "Baba, nije lini?"

Mzee alimgeukia binti yake. Alimtazama kama mtu anayesubiri hukumu yake, si ya ripoti.

Dobi alijua anachotakiwa kusema na kitamgharimu nini. Kutoka kazini, kupitia hapa, kupika, kumsimamia kuoga, ndipo aende kwake akaanze upya. Hakusikia wema wowote ukimpanda kifuani. Alisikia mgongo tu ukimuuma.

"Usije, kaka," alisema. "Jioni nitakuwa nashika zamu mimi. Wewe lipa mtu wa mchana."

Kaka alibisha, kisha akapunguza sauti, kisha akasema sawa.

Simu ilipokatwa, dobi alivua viatu, akaingia jikoni kutafuta kitunguu. Nyuma yake alisikia kiti kikilia.

"Baba, kaa. Hakuna raundi."

"Siendi raundi." Mzee alikuwa ameshika kizingiti, mgongo kaunyoosha kadiri ulivyokubali. "Mlinzi haondoki mpaka akabidhi. Simama vizuri."

Dobi aliweka kisu chini, akasimama vizuri, bila viatu, mikono inanuka sabuni ya hospitali.

"Mlango mzima," Afande alisema. "Dirisha la chumbani kitasa kibovu. Maji nusu ndoo. Mzee mmoja, njaa."

"Nimepokea," binti yake alisema.

Mzee akarudi kwenye kiti, akajishusha polepole, akafumba macho.