Darasa la Kuvaa Viatu

Mwalimu wa yoga alikuwa na bango moja tu, na bango lenyewe ndilo lililokuwa adui yake. Alijipiga picha mguu ukiwa nyuma ya kisogo, huku akitabasamu kama aliyekaa kwenye sofa, akaibandika mlangoni chini ya ngazi. Wapita njia walisimama, wakacheka, wakaenda zao. Fundi cherehani wa jirani alimbandika jina: Mama Sarakasi.

Huko juu ukumbini mikeka ilitandikwa kila siku, na mwanafunzi wa kudumu alikuwa vumbi. Mwenye nyumba alishatamka: mwezi ukiisha ukumbi ungali mtupu, atachukua ufunguo wake apafanye stoo. Mwalimu akaona dawa ni bango kubwa zaidi, safari hii amesimamia kichwa. Ukaidi nao ni kipaji.

Asubuhi moja alimkuta mama yake amekaa ukingoni mwa kitanda, uso ameukunja, anahangaika na kiatu.

"Mama, mgongo umeanza lini?"

"Mwaka juzi."

"Na mimi nipo humu humu! Mbona huji darasani?"

"Nije wapi, mwanangu? Ile picha nimeiona. Kiatu tu kimenishinda, niende nikapigwe fundo kama kamba?"

Mwalimu aliona haya. Mganga hajigangi, wanasema. Huyu hata aliyemzaa hakumganga. Siku hiyo hakupanda ukumbini. Alimketisha mama yake kwenye kiti cha jikoni, akamfundisha kupumua, kushusha mabega, kuinama kidogo kidogo. Wakarudia kila asubuhi, hadi siku mama alipofunga kamba za viatu vyake mwenyewe, akacheka mpaka machozi. Mwalimu akampiga picha papo hapo. Mabango yote akayabandua, akaiweka hiyo.

Kesho yake fundi cherehani alibisha hodi, mkono kiunoni. "Eti hapa ndipo wanapofundisha kuvaa viatu?" Keshokutwa akaja na wateja wake.

Mwezi ulipoisha, mwenye nyumba alipanda kufuata ufunguo. Mlangoni viatu vilijaa, hata pa kukanyaga hapakuwepo. Ikambidi avue vyake. Akakaa kwenye benchi, akainama, akakwama katikati, jasho likimtoka.

Mama wa mwalimu akamsogelea.

"Pole, baba. Ufunguo baadaye. Vuta pumzi kwanza."