Walikuja Harusini Wakilia

Jumamosi ya harusi ya binti yangu, wageni walifika kwangu Ndama wakipiga mayowe ya msiba.

Sitanii. Wanawake wa Nyakatuntu waliingia uani mikono kichwani. Mzee mmoja alibeba lubugo, lile vazi la magome tunalozikia watu.

"Mwalimu, pole! Nani katutoka?"

"Hakuna aliyekufa! Leo namwoza binti yangu!"

"Mawe, mama yangu! Sasa mbona mmetuma kadi ya msiba?"

Nikamnyang'anya hiyo kadi. Sikuwa nimeiona. Nilikuwa darasani wiki nzima, nikamwachia Kemigisha, bibi harusi mwenyewe, akachapishe kadi na kuzigawa.

Maneno yalikuwa ya harusi, sawasawa. Lakini herufi! Nene, nyeusi tii, zimejipinda, mikia inajiviringisha kama ya kinyonga.

Mwaka ule wa 1956 kila mtu kwetu alizijua. Elpidius mchapaji alizitumia kwa matangazo ya vifo tu, yale yanayopigiliwa mlangoni mwa kanisa. Hata asiyejua kusoma akiona weusi ule anavua kofia.

Wengi walizipata asubuhi ileile, na hawakusoma. Waliona tu, wakaanza kulia njiani.

Na kwetu bibi harusi hatoki nyumba iliyopigiwa mayowe. Bwana harusi, mzee Byaruhanga wa Kimuli, alikisikia kilio akiwa bado barabarani. Akageuza watu wake. Nikabaki na mitungi ya pombe ya rubisi na ndizi zinaungulia jikoni.

Nilichemka! Nikatoka na kanga zangu za sherehe hadi kwa Elpidius.

"Mpumbavu wewe! Umemzika mwanangu akiwa hai!"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Shikamoo yako kaichovye kwenye wino!"

"Mwalimu, nilimwonyesha Kemigisha zile nyembamba za harusi. Akazikataa. Nikamwambia hizi nene ni za marehemu. Akajibu, 'Ndizo ninazotaka.'"

Nilirudi nyumbani mbio. Kemigisha alikuwa anamenya ndizi, ametulia kabisa.

"Kwa nini?"

"Mama, nilimwambia baba mkubwa simtaki yule mzee. Akasema nikikuambia wewe, anakufukuza shambani."

Baba mkubwa ni Rwegasira, kaka wa marehemu mume wangu. Ndiye aliyeniapia kwamba binti amekubali. Na ng'ombe wa mahari wa Byaruhanga walikuwa wameshalala zizini mwake.

Hasira yangu ikapata mwenyewe. Nikaenda moja kwa moja kwake.

"Shemeji, rudisha ng'ombe wa watu."

"Na shamba je? Unalitaka au hulitaka?"

"Migomba nimepanda mimi, na kaburi la ndugu yako limo humo. Njoo uning'oe, watu wakuone."

"Utaniaibisha, mama Kemigisha!"

"Nenda kwa Elpidius akakuchapie hiyo aibu. Herufi anazo."

Ng'ombe walirudi Kimuli Jumatatu.

Mzazi mwenzangu, "ndiyo" ya binti yako isikie kinywani mwake. Mimi, na cheti changu cha ualimu, niliipokea kwa shemeji. Kilichoniambia ukweli ni wino mweusi.