Mguu wa Heri wa Bi Diep

Usimwulize mchuuzi wa Saigon bei ya kitu alfajiri kama huna nia ya kununua. Pita zako. Geuza uso, jikune kichwa, jifanye unamtafuta paka wako. Lakini ukishasimama mbele ya biashara ambayo haijauza hata chembe, ukauliza "kiasi gani hii?", kisha ukaondoka mikono mitupu, umemwachia mwenzio nuksi ya kutwa nzima. Atakachokufanyia nyuma ya mgongo wako umekitaka mwenyewe.

Siku njema huonekana asubuhi, na asubuhi ya mchuuzi ni mteja wake wa kwanza. Kuna watu wana mguu wa heri: akianza kununua yeye, wateja humiminika mpaka sufuria ikwanguliwe. Na kuna visirani, Mungu atuepushe, ambao wakikufungulia biashara utakaa na nzi mpaka jua lizame.

Katika uchochoro wetu wa Kisima, mwenye mguu wa heri alikuwa Bi Diep, mjane mfupi, mwenye magoti mabovu na kicheko kinachotangulia maneno. Yeye mwenyewe aliuza tambi za mchele kwa supu ya kaa. Kila alfajiri, mkaa wake ukianza kushika, aliitwa huku na huku. "Dada Diep, nifungulie!" Naye angezunguka, fungu la nanaa hapa, kipande cha tofu ya soya pale, sindano moja kwa fundi cherehani, hata kama nyumbani ana sindano za kushonea uchochoro mzima. Alinunua bila kupatana bei, akacheka, akawaombea heri, akarudi kwenye jiko lake.

Lakini waitaji walikuwa wamepungua. Fundi cherehani aliuza nyumba akahamia kwa mwanawe, mbali huko. Sasa pale watu wanalipia kujinyoosha kwenye mikeka. Kinyozi wa ukutani aliondoka na kioo chake kwapani. Mchonga funguo naye akaenda, akituachia doa la mafuta pale alipokuwa akikaa. Waliobaki barabarani ni Bi Diep na rafiki yake Bi Xuyen, muuza tofu za kukaanga, ambaye ulimi wake ulikuwa moto kuliko karai lake.

Bi Diep aliegemea ukuta wa nyumba ya Mwalimu Toan. Mwalimu alimruhusu akae chini ya bati lake na achote maji kwenye bomba lake, na kodi aliyoitaka ni bakuli moja la tambi kila asubuhi. Mwalimu akafa. Watoto wake, ambao wako ng'ambo, wakaipangisha nyumba kwa kijana mmoja jina lake Khiem, aliyeacha kazi ya benki ili afungue mgahawa wa kahawa.

Khiem hakuwa na ubaya, tuseme kweli. Alikuja kwa adabu, mikono ameikunja mbele.

"Mama, samahani sana. Tukishafungua, hapa mbele itabidi pawe wazi. Fundi wa mgahawa amechora miti upande huu."

"Miti?"

"Ya kwenye vyungu, mama."

Bi Diep akautazama ukuta uliokuwa mweusi kwa moshi wake. "Sasa mwanangu, mti unauza nini?"

Kijana akampa muda wa wiki moja baada ya ufunguzi, akaomba radhi tena, akaingia ndani. Bi Diep akabaki anakoroga. Aende wapi? Barabara kubwa ina askari wa jiji, hawakupi nafasi hata ya kuweka kiti chini. Na supu bila bomba si biashara, ni adhabu. Kaa huoshwa, nyanya huoshwa, mabakuli huoshwa, na magoti yake hayakuwa tena ya kubeba ndoo. Kuondoka pale ukutani kwake kulikuwa sawa na kuzima jiko.

Siku ya ufunguzi ikafika. Ilikuwa siku njema kwa hesabu ya kalenda, mama yake Khiem ndiye aliyeichagua. Khiem alitoka nje alfajiri, macho mekundu kwa kukosa usingizi, harufu ya supu ikampiga puani.

"Mama, bakuli kiasi gani leo?"

Bi Diep akamtajia, na upawa tayari umeshazama kwenye supu. Mara simu ya kijana ikalia. Mleta maua kapotea njia. "Ngoja hapo hapo, nakuja!" akasema Khiem, akakata simu, akaenda zake.

Upawa ukabaki hewani.

"Lo!" akasema Bi Xuyen. "Ameuliza, ameondoka! Na hujauza hata bakuli!"

Bi Diep hakufikiri. Alichana ukurasa wa gazeti kuukuu, akaupiga kiberiti, akauzungusha juu ya sufuria, akaupitisha chini ya viti vya plastiki. "Nuksi nenda, heri njoo! Nuksi nenda, heri njoo!" Hapo hakuna mtu angemlaumu, ndiyo desturi. Ila alipomaliza, lile jivu hakulimwaga mtaroni kama kawaida. Alilirusha mlangoni kwa Khiem.

Na ndipo Khiem akageuka.

Kijana ni mtoto wa mjini, hahitaji kufafanuliwa. Uso ukamwiva.

"Mimi, mama? Mimi ndiye unanichomea karatasi? Siku ninayofungua duka?"

"Aliyeuliza akaondoka ni nani, babu yangu?" akasema Bi Diep.

"Benki hawakukufundisha kununua?" Bi Xuyen akadakia, na waliokuwa wakipiga mswaki vizingitini wakacheka mpaka povu likawatoka.

"Haya. Nilikuwa nimekupa wiki," akasema Khiem. "Sasa kesho asubuhi nisiikute sufuria hapa."

Kicheko kikafa. Hasira hasara, na hasara ile Bi Diep aliiona pale pale, imesimama mbele yake. Kilichomuuma zaidi ni lile jivu. Karatasi aliichoma kwa ajili ya sufuria yake, sawa, lakini jivu alilirusha kwa ajili ya ukuta. Hiyo haikuwa desturi. Hicho kilikuwa kinyongo.

Jua likapanda. Maua yamepangwa, milango ya vioo imefunguliwa, na mgahawa mtupu. Mjomba wa Khiem, mtu mwenye mguu wa heri aliyealikwa kutoka mji wa My Tho aje kuwa mteja wa kwanza, alikuwa amepiga simu kwamba tumbo limemshika, hawezi hata kukaa kwenye basi. Mama yake Khiem akasimama mlangoni kama askari wa geti. Vijana wawili wenye kamera wakaja, akawazuia kwa mikono miwili.

"Subirini kidogo, wanangu. Kidogo tu."

Vijana wakatazamana, wakaenda zao.

"Mama, unafukuza wateja!" Khiem akalia kutoka ndani.

"Nawajua mimi miguu yao? Bora tukose wawili leo kuliko tukose wote mwaka mzima!"

Na watu wa uchochoro, ambao wote walikuwa wameliona lile jivu, walipita upande wa pili, macho mbele. Nani anataka kuwa wa kwanza kuukanyaga mkosi?

Mwisho mama yake Khiem akachukua kitambaa kilicholowa, akachuchumaa, akalifuta jivu kizingitini kwa mkono wake. Alipolimaliza akavuka hadi kwenye jiko la Bi Diep.

"Dada, nimeuliza uchochoro mzima, kila mtu ananitajia jina moja. Mwanangu ni mjinga, alikuwa na njaa na haraka. Duka hili ndilo shamba la marehemu mume wangu, tumeliuza lote. Nakuomba, tufungulie."

"Ala!" Bi Xuyen akaruka. "Kesho mnamfukuza, leo mnataka awabariki? Dada, usiende. Mwache huyo kijana anywe kahawa yake peke yake mpaka tumbo limjae!"

Msimdhanie Bi Diep malaika. Aliipima hesabu yake vizuri sana: asipokwenda, mgahawa utadorora, ukidorora, utafungwa, ukifungwa, ukuta ni wake tena. Alilitamani hilo, alilitamani kwa moyo wake wote. Lakini macho yake yalikuwa kwenye vidole vya yule mama, vyeusi kwa jivu alilolirusha yeye. Akaona haya. Akanawa mikono bombani, akavua aproni, akafunga nywele upya.

"Dada Diep, umerogwa?" akauliza Bi Xuyen.

"Nilindie sufuria," akasema.

Shida ni kwamba mfunguzi hawezi kuingia amenuna. Akiingia na kinyongo, mguu wa heri hugeuka mzito, afadhali asiingie kabisa. Bi Diep akasimama kizingitini, anatafuta kicheko, hakioni. Utacheka vipi siku uliyofukuzwa? Akaingia hivyo hivyo, mdomo ameulazimisha.

"Haya, nani anauza hapa?"

Khiem akaja, macho sakafuni. Akamtajia bei kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama. Kikombe kimoja kwa bei ya kulisha familia tambi! Lakini mteja wa kwanza hapatani. Bi Diep akalipa, akaketi, akapiga funda moja, macho yakamtoka.

"Mwanangu, hii ni kahawa au ndimu?"

"Ndiyo... ndiyo ilivyo, mama. Ina ladha ya matunda."

"Matunda gani, mabichi?"

Na kile kicheko alichokikosa mlangoni kikamtoka chenyewe, kikubwa, cha tumboni, mpaka akashika meza. Khiem akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka naye huku akijifuta machozi, na sijui yalikuwa ya kicheko peke yake.

"Xuyen!" Bi Diep akapaza sauti. "Niletee kopo langu la maziwa mazito!"

Bi Xuyen akaja na kopo lililobonyea, ananung'unika njia nzima. Lakini alipokwisha kanyaga ndani, naye akataka kuonja. Nyuma yake akaingia muuza bahati nasibu, nyuma yake wapiga mswaki wa asubuhi, na wale vijana wa kamera walipopita tena wakakuta watu wanagombea maziwa ya kopo. Wakaingia. Kufikia alasiri viti havikutosha.

Jioni Bi Diep aliling'oa jiko lake pale ukutani. Khiem alikuwa jikoni, ameinamia vikombe, hakutoka kusema lolote. Bi Diep hakumwita.

"Si ukamwambie!" Bi Xuyen akamsukuma.

"Nikamwambie nini? Sikumfungulia ili anilipe. Baraka ya kukopesha si baraka."

Kesho yake alikwenda kuweka jiko kwenye doa la mafuta la mchonga funguo, mwisho wa uchochoro, kando ya mtaro. Maji aliyabeba kwa ndoo, nusu nusu, akipumzika kila baada ya nyumba mbili. Supu ilipoanza kutokota akamwona Khiem anakuja, aproni kiunoni. Kijana akavuta kiti cha plastiki, akakaa.

"Mama, umeshafunguliwa?"

"Bado."

Bi Xuyen, aliyehamisha karai lake kumfuata mwenzake, akakohoa kwa makusudi. Mchuuzi yeyote anajua la kusema akijiwa na kisirani: supu haijaiva, pita baadaye. Supu ilikuwa inatokota puani mwa Khiem. Wote watatu waliisikia.

"Bakuli moja," akasema Khiem. "Na usinitajie bei."

Bi Diep akamtazama sana. Kisha akapakua, akamwongezea na kipande cha kaa alichokuwa akijiwekea. Khiem alikula tambi, akala majani, akainua bakuli akamaliza mchuzi. Akalipa, akakataa chenji.

"Uuze mpaka ukwangue, mama."

"Tutaona," akasema Bi Xuyen.

Tuliona. Wakaja wauguzi wa zamu, wakaja mahamali, wakaja hata vijana wa kahawa, waliogundua kwamba matunda mabichi hayashibishi. Jua halijawa kali, upawa ulikuwa unakwaruza chini ya sufuria. Ama ni mguu wa Khiem, ama ni njaa ya vijana. Uchochoro wetu hauna mazoea ya kuichambua baraka.

Bi Diep alikuwa anaosha mabakuli kwa maji ya kubania, Khiem akarudi, akashika sufuria mkono mmoja.

"We! Unaipeleka wapi sufuria yangu?"

"Ukutani. Siwezi kutembea uchochoro mzima kila alfajiri kuja kukufungulia. Na wewe kwa magoti hayo huwezi kuja mpaka kwangu kunifungulia mimi."

"Nani kakwambia nitakufungulia kila siku?"

"Mama yangu. Keshawatangazia majirani."

"Na miti je?"

"Miti itabanana upande mmoja," akasema Khiem. "Mti hauuzi kitu."

Bi Diep akajifanya anasuuza bakuli lililokwisha suuzwa. "Mpaka lini, mwanangu?"

"Mpaka mkataba wangu uishe. Wakiniondoa, mama, tutaondolewa pamoja."

Hilo si dogo. Mwalimu Toan mwenyewe hakuwahi kumwahidi kuondoka pamoja. Bi Diep akashika mkono wa pili wa sufuria, wakaibeba.

Sasa mambo ndivyo yalivyo. Alfajiri Khiem anafungua sufuria, baadaye kidogo Bi Diep anafungua mgahawa, na kahawa anayopewa imekwisha tiwa maziwa ya kopo bila kuuliza. Majuzi tu akaja bibi mmoja kutoka jengo jipya refu, viatu vya kukimbilia, jasho linamtoka. Khiem alikuwa amechelewa kuamka, hakuna aliyekwisha kununua. Bibi akainama juu ya supu, akauliza bei, akatazama saa yake, akakimbia zake.

Mikono ya Bi Diep ilikuwa imejaa tambi. Bi Xuyen alifungua mdomo atukane. Kabla hajatukana, harufu ya gazeti linaloungua ikatufikia. Khiem, nywele hazijachanwa, kandambili mguu mmoja, alikuwa amechuchumaa anapitisha moto chini ya viti, kimoja kimoja, hata cha pembeni kabisa hakukiacha.

"Nuksi nenda, heri njoo! Nuksi nenda, heri njoo!"

"Polepole, mwanangu," akasema Bi Diep. "Utatuunguzia miti."