Simu Niliyoinua Kumchunguza Atupele

Mimi ni karani mgeni wa mapokezi kwenye ofisi ya miche ya chai hapa Tukuyu, na wiki iliyopita nilijivua nguo mwenyewe mbele za watu.

Kila saa nne asubuhi mwenzangu Atupele alijifungia kwenye chumba cha kompyuta na simu ya mezani. Nikahisi ananichongea kwa wakubwa wa Mbeya. Nikawa nainua simu yangu, ya laini hiyohiyo, nimsikilize. Nilisikia mlio mkali, kisha kimya. Nikajisemea, huyu kanishtukia.

Ijumaa wakulima wa Ikuti wakaja juu: mvua zinapita na miche haijafika. Meneja akamgeukia Atupele.

“Orodha yao ya kuomba miche mbona haijafika Mbeya?”

“Nimetuma kila siku, bosi,” alisema huku akilia. “Zile kompyuta za zamani zinatumiana mafaili kwa laini ya simu. Faili linafika katikati, linakatika.”

“Muongo!” nikadakia. “Kila siku nainua simu kumsikiliza. Hatumi chochote, ni mlio tu!”

Atupele akafuta machozi, akanitazama.

“Dada Sekela, huo mlio ndio faili lenyewe. Ukiinua simu, unalikata.”

Wakulima wote wakanigeukia.