Unene Uliokuwa Maji

Kabla sijaugua nilikuwa mwembamba, lakini niliweza kubeba mkungu wa ndizi kutoka kibanjani, shambani mwetu mwa migomba, hadi barabarani bila kupumzika. Kwetu ni Izimbya. Baba na mama walifariki wakifuatana, kwa ugonjwa ule uliokuwa ukimaliza nyumba za majirani. Niliacha shule darasa la sita, nikabaki na wadogo zangu, Kemilembe na Mugisha. Ukoo ulikubali tukae pamoja, mradi mimi niwe mzima. Nikidhoofika, Kemilembe angechukuliwa na shangazi wa Kanazi, na Mugisha angemfuata baba mdogo kwenye visiwa vya Muleba, alikokuwa akivua samaki.

Miaka ile, kukonda kulikuwa hukumu. Msimu wa kahawa, tukishapima magunia kwenye chama cha ushirika, tulizoea kupanda wenyewe kwenye mizani ile ile, na karani akataja kilo kwa sauti. Aliyepungua alishuka akitazama chini. Mimi nilikuwa nimeongezeka sana. Bibi Paskazia, jirani yetu, alinishika shavu akasema, "Huyu ameponyoka. Tazameni uso ulivyojaa."

Nilirudi nyumbani nikiimba. Baba mdogo alipopata habari alinitumia samaki wa chumvi, ili nisirudi nyuma. Nikawala kila siku.

Lakini asubuhi kope zilikuwa zimevimba hata macho yakafunguka kwa shida. Jioni uvimbe ulikuwa umeshuka miguuni, na kandambili zikaacha mifereji. Mkojo ulitoa povu kama la sabuni. Nikilala chali nilikosa pumzi. Hamu ya chakula ilikuwa imekwisha, na bado kilo zilipanda. Sikulalamika, maana kilo zilikuwa upande wetu.

Kemilembe ndiye aliyeona. Alikuwa akinipaka mafuta miguuni, kidole chake kikazama.

"Dada, mguu wako umekuwa kama ndizi iliyoiva," alisema, akacheka. Kisha akaona shimo halirudi, akaacha kucheka.

Hospitalini daktari naye alinibonyeza kwenye mfupa wa muundi. Akaniuliza hiki ni nini. Nikamjibu kwamba nimenenepa.

"Nyama haiachi shimo," alisema. "Haya ni maji."

Walichemsha mkojo wangu, ukaganda kama ute wa yai. Walipima na damu. Daktari akanieleza kwamba si ugonjwa tuliouogopa. Ni figo, na zinatibika. Alinipa vidonge, akanikataza chumvi, na samaki wale kabisa. Akaniambia nitapungua haraka sana. "Usiogope," alisema. "Yatakayotoka ni maji. Wewe utabaki."

Nikaenda chooni mpaka nikaichoka njia. Uso ukashuka, mashavu yakabonyea, mifupa ya mabega ikaonekana. Pumzi ilirudi, nikalima tena. Lakini nilipopanda mizani ya chama, karani alitaja kilo kwa sauti ya chini, na hakuna aliyeshangilia. Mimi nilikuwa ninapona, wao walikuwa wananiaga.

Haukupita muda, shangazi akaja na mfuko mtupu wa kutilia nguo za Kemilembe. Baba mdogo naye akaja. Nikawaeleza maneno ya daktari. Shangazi akatikisa kichwa. "Mwanangu, kila mtu husema ni kitu kingine."

Nikanyoosha mguu. Nikamwomba baba mdogo abonyeze pale Kemilembe alipobonyeza. Alibonyeza kwa dole gumba lake la kuvutia nyavu, akaachia. Hapakuwa na shimo. Akabonyeza mguu wake mwenyewe, halafu, kwa mzaha, wa shangazi. Dole likazama.

Tulitazama lile shimo wote. Shangazi akavuta kanga akafunika mguu. "Nimetembea sana," alisema.

"Dada yangu," baba mdogo akamwambia, "uliyekuja kumchukua mtoto ndiwe wa kupelekwa hospitali."

Akaamua tungoje hadi mwisho wa msimu. Shangazi nilimpeleka mwenyewe. Alikutwa na shinikizo la damu, akaanza dawa. Mfuko wake ulirudi Kanazi mtupu.

Kilo zangu zilikuja polepole. Ilikuwa kidogo, kisha kidogo tena, na hazikupotea kati ya asubuhi na jioni. Mikono ilijaa kwanza, kisha gauni likabana kiunoni na kubaki limebana. Msimu ulipoisha karani alipaza sauti tena. Baba mdogo alikuwepo. Alimshika Mugisha bega, akamsukuma arudi kwangu.

Namshukuru Mungu, daktari yule, na kidole cha mdogo wangu. Wewe unayesoma, ukiona umeongezeka ghafla, usikimbilie kufurahi wala kuogopa. Tazama uso asubuhi na miguu jioni. Bonyeza muundi. Shimo likibaki, nenda hospitali, hata kama kijiji kizima kinakusifu.

Kemilembe sasa ana watoto wake. Akinitembelea, kabla hajaketi, huinama kunibonyeza mguu. Nami humwacha tu.