Pakiti Mbili za Maziwa Siku ya Mahari ya Kendi

Aibu hii sikutaka kuisimulia, lakini kwa vile nusu ya Runyenjes, kule Embu kwa wakwe, wanaijua na hapa Meru wameshaitia chumvi, afadhali muisikie kwangu mwenyewe, na mkicheka chekeni polepole.

Nina miaka hamsini na moja. Tangu mwezi wa nne hedhi ilianza kunipa kisogo na badala yake likaja joto, si la jua, ni joto linalopanda kutoka kifuani hadi utosini hata ukiwa umekaa tu unachambua maharagwe. Nilijitibu kimyakimya nyumbani: chai kali nikapunguza, pilipili nikaacha, nikavaa nguo za pamba na kujiwekea kitambaa cha maji baridi shingoni, na kweli nilipata nafuu. Kulala nikahamia chumba cha wageni, na Baba Kendi aliponiuliza kulikoni nikamwambia anakoroma (hakoromi, maskini). Sikumwambia mtu ukweli, hata binti yangu Kendi. Niliona haya tu.

Ikafika siku ya wakwe kutoka Embu kuleta mahari, mwezi wa kumi, jua la saa saba, tenti imejaa, nami nimevalishwa kitenge cha mikono mirefu ambacho sikukichagua. Nikawaza, nikianza kutiririka jasho mbele ya wakwe watasema Kendi ana mama mgonjwa. Nikafungua friza, nikaona pakiti ndogo za maziwa zimeganda, nikazifunga kwa hanchifu nikazitia kwenye sidiria, moja huku na moja kule ili kifua kisiegemee upande. Wenzangu, nilisikia raha. Nikatoka nikitabasamu (hata mchungaji akasema nimenawiri).

Hotuba zilikuwa ndefu na maziwa yakayeyuka bila mimi kukumbuka. Ndipo shangazi ya bwana harusi akaja na wimbo kunivika leso, akaikaza kifuani kwa pini kubwa, halafu Mama Njeru, mamake bwana harusi, akanikumbatia kwa nguvu zake zote. Nikasikia ubaridi unateremka. Kuangalia chini, kitenge kimelowa pande zote mbili na matone meupe yanadondokea viatu.

Wimbo ukakatika. Nyanya mmoja wa upande wao akauliza, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Kwani huyu mama ako na mimba?"

Sasa kwetu mama anayeoza binti hatarajiwi kuzaa tena. Huko ni kushindana na mwanao, na wazee hawalichukulii jambo hilo kwa mzaha. Wakaanza kunong'onezana. Kendi akafunika uso. Lakini aliyenimaliza ni Baba Kendi: nilimwona akihesabu miezi kwa vidole, akarudi nyuma mpaka mwezi wa nne, akakwama hapo.

Ningeweza kukimbilia jikoni, ila niliona nikiondoka nitaacha ndoa mbili mashakani, ya binti yangu na yangu mwenyewe. Nikaingiza mkono, nikatoa zile pakiti zilizopasuka, nikaziinua juu wote wazione.

"Maziwa ni ya duka," nikasema. "Hedhi imeniisha, nasikia joto, ndio nikajiwekea barafu. Hakuna mimba."

Mama Njeru akaanza kucheka, akafungua kiganja na kunionyesha hanchifu yake iliyolowa maji.

"Mama Kendi, si ungeniambia tu? Mimi tangu asubuhi nimekaa hapo kwa mlango wa tenti nipate upepo, sababu ni hiyo hiyo."

Akanipangusa mbele ya watu wote kama mtu na dada yake, na akina mama wakaanzisha wimbo upya.

Nilipoenda kubadilisha nguo, Baba Kendi alinifuata. Hakuwa na hasira. Alisimama mlangoni akizungusha kofia yake mikononi.

"Kwa hivyo si mimi?" akauliza. "Nilikuwa najua umenichoka."

Hapo ndipo nililia, kwa sababu mwenzangu alikuwa amebeba mzigo huo miezi yote na mimi namsingizia kukoroma. Nimeapa, kuanzia siku hiyo maziwa ni ya chai, na joto likinishika nitasema, hata kama ni kanisani. Nimesharudi chumbani kwetu. Tunalala dirisha likiwa wazi, baridi yote ya Mlima Kenya inaingia, na yeye analala na sweta na soksi, wala halalamiki.